Kidonda Kimekatwa, Mbona Maumivu Yamebaki?

Kwa akili ya kawaida, ugonjwa mkubwa huuma sana na ugonjwa mdogo huuma kidogo. Endometriosisi haijui kanuni hiyo. Mwaka 2007 madaktari wa Italia, Paolo Vercellini na wenzake, walichapisha matokeo ya wanawake 1,054 waliokuwa na ugonjwa huo. Walilinganisha mambo mawili: hatua ya ugonjwa kama mpasuaji alivyoiona kwa macho ndani ya tumbo, na ukali wa maumivu kama mgonjwa alivyoueleza. Uhusiano walioupata ulikuwa dhaifu kiasi kwamba ukiambiwa mwanamke yuko hatua ya kwanza au ya nne, bado huwezi kubashiri kama juzi alikwenda kazini au alishinda amejikunja kitandani. Madaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake wanalijua hili kwa uzoefu. Wapo wagonjwa ambao viungo vya nyonga vimegandamana kwa makovu na ovari zimejaa uvimbe wa damu, nao walifika hospitalini kwa sababu tu wamekaa miaka bila kushika mimba. Wapo wengine wenye vidoa vichache vya milimita chache, na kila mwezi hedhi inawalaza chini.

Ugonjwa wenyewe ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye utumbo mpana, kwenye kibofu, na mara chache hata kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 duniani, na kwamba kuugundua huchukua kati ya miaka 4 na 12 tangu dalili zianze. Tangu John Sampson, daktari wa Marekani, aeleze katika miaka ya 1920 jinsi damu ya hedhi inavyoweza kurudi nyuma kupitia mirija na kumwaga seli tumboni, tiba imeelekezwa mahali pamoja: tafuta kidonda, kikate au kikaushe kwa homoni. Sisemi njia hiyo ni potofu. Nasema ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwenye mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo wa mgonjwa, na kwa kuwa haionekani kwenye ultrasaundi wala kwenye kamera ya mpasuaji, tumeiacha bila tiba, na mara nyingine tumeigeuza kuwa tuhuma dhidi ya mgonjwa mwenyewe.

Tuanze na kidonda. Kwa muda mrefu kilichukuliwa kuwa kipande cha nyama kinachovuja damu na kuwasumbua jirani zake. Karen Berkley wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida na wenzake wakaonyesha, kwa panya na kwa tishu za wanawake, kwamba vidonda hivi huota mishipa yake ya fahamu: ile inayopeleka habari za maumivu na ile inayoratibu mishipa ya damu. Muhtasari wa kazi yao ulitoka katika jarida la Science mwaka 2005. Mwaka uliofuata kundi la Ian Fraser na Natsuko Tokushige huko Sydney, Australia, liliripoti kuona nyuzi ndogo za neva katika utando wa ndani wa mfuko wa uzazi wa wanawake wenye endometriosisi, nyuzi ambazo kwa wasio na ugonjwa hazikuonekana. Kulikuwa na matumaini kwamba ugunduzi huo ungezaa kipimo rahisi kisichohitaji upasuaji. Matumaini hayo hayajatimia, ila picha ya ugonjwa ilikwisha kubadilika. Kidonda huvuta seli za kinga. Seli hizo humwaga kemikali zilezile zinazofanya jeraha lolote livimbe na kupata joto, pamoja na protini inayozichochea neva ziote. Homoni ya estrojeni huchochea mazungumzo hayo ya seli na neva. Neva ikichokozwa hujibu kwa kutoa kemikali zake, nazo huita seli za kinga zaidi.

Duara hilo halikuwa dhana ya kwenye makaratasi tu. Mwaka 2024 watafiti wa Hospitali ya Watoto ya Boston walionyesha kwa panya kwamba kemikali moja inayotolewa na neva za maumivu, iitwayo CGRP, huzifanya seli za kinga zikilee kidonda badala ya kusafisha mabaki yake. Walipowapa panya hao dawa za kipandauso zinazoizuia kemikali hiyo, dalili za maumivu zilipungua na vidonda vikawa vidogo. Panya si binadamu, na dawa hizo bei yake ni ya kutisha, kwa hiyo hakuna anayepaswa kukimbilia duka la dawa kesho asubuhi. Lakini jambo moja linabaki: neva iliyodhaniwa kuwa tarishi wa kupeleka habari, kumbe ilikuwa inashiriki kuulisha ugonjwa.

Habari zikitoka nyonga huingia kwenye uti wa mgongo kwa njia ambazo mfuko wa uzazi, kibofu, utumbo mpana na misuli ya sakafu ya nyonga vinazitumia kwa pamoja. Hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya kazi London, alichapisha katika jarida la Nature majaribio ya panya waliounguzwa mguu. Baada ya jeraha, seli za uti wa mgongo zilianza kuitikia kwa nguvu hata mguso mdogo, na kuitikia miguso ya sehemu ambazo hazikuungua. Badiliko lilikuwa limehamia ndani, mbali na jeraha. Mlinzi aliyevamiwa usiku kadhaa mfululizo huanza kupuliza filimbi hata paka akipita ukutani, na mwenye nyumba akimkemea kwamba hakuna mwizi anakuwa hajamtendea haki: wezi walikuwepo kweli, na masikio ya mlinzi yamebadilika kweli. Msichana aliyevunja ungo akiwa na miaka 13, akapata maumivu makali ya siku kadhaa kila mwezi kwa miaka 10, uti wake wa mgongo umepokea mashambulizi zaidi ya 100 bila tiba ya maana. Si ajabu basi kwamba maumivu yaliyokuwa ya siku za hedhi yanasambaa mwezi mzima, yanashuka mapajani na kupanda mgongoni. Kwamba kukojoa kunauma ilhali mkojo ni safi, kwenda haja kubwa kunauma, tendo la ndoa linauma. Misuli ya nyonga nayo hujikaza kujihami, na ikikaa imekazwa miaka mingi inakuwa chanzo kingine cha maumivu juu ya kile cha kwanza.

Huyu ndiye mgonjwa tunayemfahamu sana katika zahanati na vituo vyetu bila kumtambua. Ametibiwa U.T.I. mara kwa mara, akapewa dozi za maambukizi ya nyonga, akatumwa kupima vidonda vya tumbo, akaambiwa ana chango na kuchemshiwa mizizi. Kila anayemwona hutazama kiungo kimoja na kukiandikia dawa. Ultrasaundi ya kawaida ikirudi safi, jambo linalotokea sana kwa sababu vidoa vya juujuu kwa kawaida havionekani humo, safari inaishia hapo na mgonjwa anarudi nyumbani na Panadol.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa ubongo, na umetoka Chuo Kikuu cha Michigan kwa Sawsan As-Sanie na wenzake. Mwaka 2012 walichapisha picha za ubongo za wanawake wa makundi manne: wenye endometriosisi na maumivu ya kudumu ya nyonga, wenye endometriosisi lakini hawana maumivu, wenye maumivu ya nyonga bila endometriosisi, na wenye afya. Kwa wale waliokuwa na ugonjwa pamoja na maumivu, tabaka la kijivu lilikuwa limepungua katika maeneo yanayochakata maumivu, kama vile thalamasi na insula. Kwa wale waliokuwa na ugonjwa bila maumivu, upungufu huo haukuonekana. Mwaka uliofuata wakatumia kipimo rahisi zaidi: walibonyeza ukucha wa kidole gumba kwa nguvu iliyoongezwa hatua kwa hatua na kuuliza ni wakati gani inaanza kuuma. Wanawake wenye maumivu ya nyonga, wawe na endometriosisi au wasiwe nayo, waliumia mapema kuliko wengine. Wenye endometriosisi isiyouma walistahimili sawa na wanawake wenye afya. Kidole gumba hakina endometriosisi. Kama maumivu ya ugonjwa huu yangekuwa suala la kidonda cha nyonga peke yake, ukucha usingejua lolote.

Msomaji makini atauliza: je, ubongo ulibadilika kwa sababu ya maumivu, au wanawake hao walizaliwa na ubongo wa namna hiyo na ndio maana wanaumwa? Swali ni la haki, na picha moja ya siku moja haiwezi kulijibu. Kuna dalili za pande zote mbili. Utafiti mkubwa wa jeni uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Genetics, ukihusisha wanawake zaidi ya 60,000 wenye endometriosisi na wengine zaidi ya 700,000 wasio nayo, ulibaini maeneo 42 ya jeni yanayohusiana na ugonjwa, na ukaonyesha kwamba urithi wake unaingiliana na ule wa kipandauso, maumivu ya mgongo na maumivu ya sehemu nyingi za mwili. Kwa hiyo wapo wanaoanza safari hii wakiwa na mfumo wa fahamu mwepesi kuitikia. Upande wa pili, watafiti wa Ujerumani waliwapiga picha za ubongo wagonjwa waliosagika kiungio cha nyonga na paja, kabla na baada ya kubadilishiwa kiungio hicho, wakaripoti mwaka 2009 kwamba tabaka la kijivu lililopungua wakati wa maumivu liliongezeka tena maumivu yalipokwisha. Hao hawakuwa wagonjwa wa endometriosisi, lakini somo lao linatuhusu: angalau sehemu ya badiliko la ubongo ni matokeo ya maumivu, na inaweza kurudi nyuma. Kwa daktari anayeketi mbele ya msichana wa miaka 16, maana yake ni moja tu, kwamba kuchelewa kuna gharama.

Pingamizi linalosikika haraka zaidi linatoka kwa wagonjwa wenyewe, na wana kila sababu ya kulitoa. Wameambiwa kwa miaka kwamba wanadeka, kwamba kila mwanamke huumwa siku zake, kwamba akiolewa au akizaa yatakwisha. Leo anakuja mtu na kusema kwamba maumivu yamo kwenye ubongo. Kuna tofauti gani na kuambiwa yamo kwenye mawazo? Tofauti ni kubwa sana. Neva, uti wa mgongo na ubongo ni nyama ya mwili kama ini na figo. Vinaugua, vinabadilika umbo na utendaji, na mabadiliko hayo yanapimwa. Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilipoandika upya fasili ya maumivu mwaka 2020 ilikubali kwamba maumivu yanaweza kuwepo bila tishu iliyoharibika kuonekana, na ikasisitiza kuwa mtu akisema anaumwa kauli yake iheshimiwe. Anayesema mfumo wa fahamu umebadilika anasema kwamba mgonjwa ni mkweli hata picha ikiwa safi. Ni maelezo ya kidonda peke yake ndiyo yanayomgeuza mwanamke mwenye kidoa kimoja kuwa mwongo.

Hata hivyo kuna hatari ya upande wa pili, na naiona kubwa zaidi katika nchi zetu: daktari mvivu akalishika neno hili la mishipa ya fahamu na kulitumia kumfungia mgonjwa faili. Atamwandikia vidonge vya kutuliza neva na kumwambia azoee. Hilo litakuwa kosa jipya juu ya la zamani. Kidonda kinaua. Mtangazaji wa Kenya Jahmby Koikai, aliyefariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024 akiwa na miaka 38, alikuwa na endometriosisi iliyofika kifuani na kusababisha mapafu yake kusinyaa, na alijitolea kuueleza umma juu ya ugonjwa huo, ambao kwake ulichelewa kutambuliwa. Hakuna nadharia ya neva inayopaswa kumzuia mgonjwa kama yeye kufika mbele ya mpasuaji, na mapema. Endometriosisi inayoziba mirija ya mkojo, inayobana utumbo au kuharibu ovari inahitaji kisu na mikono iliyobobea, na mikono hiyo kwetu bado ni michache.

Wapasuaji nao wana pingamizi lao, kwamba upasuaji unafanya kazi, na wana takwimu. Mwaka 2004 Jason Abbott na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 39 waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine walikatwa vidonda kwa upasuaji wa matundu madogo, wengine wakafunguliwa, wakatazamwa na kufungwa bila kukatwa chochote. Baada ya miezi 6, asilimia 80 ya waliokatwa walisema wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 32 ya wale ambao hawakukatwa. Ni ushindi wa wazi kwa kisu, na siubishii. Lakini takwimu hizohizo ukizisoma hadi mwisho zinasema mambo mengine mawili. Mmoja kati ya watano alikatwa vidonda na akabaki vilevile. Na karibu mmoja kati ya watatu alipata nafuu bila kukatwa, jambo ambalo haliwezi kuelezwa na kidonda kwa sababu kidonda kilikuwa palepale. Upasuaji unaondoa chanzo kinachochokoza. Kama uti wa mgongo na ubongo vimeshabadilika, si lazima virudi siku hiyohiyo, na kwa baadhi havirudi vyenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo akirudi kulalamika, mazoea ni kumpasua tena, na safari ya tatu kuondoa mfuko wa uzazi. Kabla ya kisu cha pili ni haki ya mgonjwa kuulizwa kama neva zake zimewahi kutibiwa. Chama cha Ulaya cha tiba ya uzazi, ESHRE, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 tayari kimeacha kuuona upasuaji wa kuchungulia kuwa ndiyo kipimo cha lazima, na kinaruhusu tiba ianze kwa dalili. Huo ni mlango ambao sisi, wenye wapasuaji wachache, tungepaswa kuwa wa kwanza kupita.

Pingamizi gumu zaidi linahusu dawa, na hapa watetezi wa hoja ya neva wanapaswa kuwa wanyenyekevu. Kama tatizo ni neva, dawa za neva zingefanya kazi, sivyo? Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Andrew Horne na wenzake katika hospitali 39 za Uingereza. Wanawake 306 wenye maumivu ya kudumu ya nyonga walipewa gabapentini au kidonge kisicho na dawa. Gabapentini haikushinda, na iliwaletea kizunguzungu na usingizi. Wanawake hao walikuwa wale ambao upasuaji wa kuchungulia haukuona ugonjwa wowote kwenye nyonga, kwa hiyo huwezi kuhamisha matokeo moja kwa moja kwa wenye endometriosisi. Lakini pia huwezi kuyafumbia macho, kwa sababu dawa hiyo ilikuwa ikiandikwa kwa mazoea. Ninachokisoma humo ni kwamba mfumo uliobadilika kwa miaka mingi hautarudishwa na kidonge kimoja kwa miezi michache. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku huwasaidia baadhi ya watu wenye maumivu ya neva na usingizi mbovu, ingawa ushahidi wake kwa endometriosisi yenyewe ni mdogo. Fiziotherapia ya misuli ya sakafu ya nyonga ilionyesha nafuu katika jaribio dogo la Bologna, Italia, lililochapishwa mwaka 2021, hasa kwa maumivu ya tendo la ndoa. Ujerumani, mwaka 2016, tiba ya mazungumzo ikichanganywa na kusisimua sehemu fulani za mwili ilipunguza maumivu ukilinganisha na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu. Kulinganisha na wanaosubiri zamu ni kipimo chepesi, nakiri. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo muujiza. Zikiunganishwa, pamoja na kuzima hedhi kwa homoni ili neva zipumzike, zinampa mgonjwa kitu kilicho bora kuliko kuingia chumba cha upasuaji mara ya tatu.

Kuzima hedhi ndiko kunakotupeleka kwa wasichana, na naamini ni kwao tutakaposhinda vita hii au kushindwa. Mwaka 2011 Katy Vincent na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba wanawake wenye afya njema kwa mambo mengine yote, ila wana maumivu makali ya hedhi, waliitikia joto la majaribio kwa nguvu kuliko wenzao, hata siku ambazo hawakuwa hedhini. Yaani mwili ulikuwa umeanza kubadilika kabla mtu hajaitwa mgonjwa. Dawa ya kwanza hapa ni rahisi: ibuprofeni au diklofenaki inayoanzwa mapema, damu inapoanza au hata kabla, na kunywewa kwa saa zake, badala ya kusubiri mpaka msichana amelazwa kwenye benchi la ofisi ya matroni. Isipotosha, dawa ya pili ni homoni: vidonge vya majira, sindano, kijiti, kitanzi chenye homoni. Na hapo ndipo familia nyingi zinapogoma. Mama akisikia binti yake wa miaka 15 anaandikiwa vidonge vya majira, anachosikia ni ruhusa ya uhuni; baba ndiyo kabisa. Wengine wanahofia utasa. Wasiwasi huo hauondolewi kwa kejeli. Unaondolewa na muuguzi anayekaa na mzazi dakika 10 na kumweleza kwamba homoni ileile inayotumika kupanga uzazi ni tiba ya ugonjwa huu duniani kote, kwamba vidonge vikiachwa hedhi na uwezo wa kuzaa hurudi, na kwamba ugonjwa wenyewe, ukiachwa, ndio unaoharibu uzazi. Maadili ya mtoto hulindwa na malezi. Maumivu hayajawahi kumlinda mtu.

Nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Mashine za picha za MRI ziko mijini, wataalamu wa fiziotherapia ya nyonga wanahesabika, na wilaya nyingi hazina hata daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya wanawake. Naona kinyume chake. Njia ya kidonda peke yake ndiyo ya kitajiri, kwa sababu inadai kamera, chumba cha upasuaji, bingwa na nauli ya kwenda hospitali ya rufaa kabla mgonjwa hajaaminiwa. Tiba ya maumivu inaanza na maswali ambayo mganga wa zahanati anaweza kuyauliza: maumivu yalianza lini, yanatoka nje ya siku za hedhi au la, yanazuia nini, yanaambatana na mkojo, choo au tendo la ndoa? Ibuprofeni, amitriptilini, vidonge vya majira, sindano na vijiti vyote vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa Tanzania huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya umma hutolewa bure. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuzitumia dawa hizo kwa jambo hili, na mafunzo kwa mtu aliyezoea kuona kila tumbo la chini la mwanamke kuwa maambukizi. Dozi za antibiotiki anazopewa mgonjwa kwa miaka 8 bila sababu zina gharama pia, kwake na kwa bima.

Uainishaji mpya wa magonjwa wa kimataifa, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, umeyapa maumivu ya kudumu namba zake yenyewe, na unayahesabu kuwa ya kudumu yanapozidi miezi mitatu. Wizara za afya za nchi zetu zinapoandika upya miongozo ya tiba ziweke sura ya maumivu ya kudumu ya nyonga, yenye tiba ya kidonda na tiba ya neva katika ukurasa mmoja, na zimpe mganga wa zahanati idhini ya kuanza bila kusubiri picha. Nawe msomaji, kama wewe au binti yako mnapoteza siku za shule au kazi kila mwezi, andika tarehe, mahali panapouma na kile mlichoshindwa kufanya, kwa miezi mitatu, kisha mpelekeeni daktari karatasi hiyo. Akisema kipimo ni safi, mwulizeni mpango wake wa kutibu maumivu ni upi.